Maneno ya Mama Muuza Maziwa

Mwigizaji wetu mkuu alivunjika mguu Jumamosi asubuhi, akishuka ngazi za nyumbani kwake na kapu la nguo chafu. Tiketi za jioni zilikuwa zimekwisha. Bwana Lüders, mkuu wa ukumbi, alizunguka ofisini akijishika kichwa utadhani aliyevunjika ni yeye. Nikamwambia yuko mtu mmoja tu aliyewahi kuucheza mchezo huu hapa mjini, naye anauza mapazia Mtaa wa Stesheni.

"Mapazia?"

"Mapazia, na vitambaa vya meza."

Bwana Lüders alitoka Ujerumani ya magharibi, kwa hiyo hakujua. Sisi wa mashariki, nani asiyemjua Roswitha Dornbusch? Alianzia hapa kwetu jukwaani, akaenda Berlin, akacheza filamu mpaka wasichana wakakata nywele kama zake. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, studio ya serikali ikafungwa, na wenye filamu wapya walikuja na waigizaji wao. Simu yake ikanyamaza. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

"Akiweza leo, nampa kazi msimu mzima," alisema Bwana Lüders. "Akikwama, Irmi, arudi kwenye mapazia yake."

Kulikuwa na tatizo moja. Katika mchezo ule, mama muuza maziwa anaagana na mwanawe anayekwenda ng'ambo ya mto asirudi tena. Zamani, siku moja kabla ya kufungua, wakubwa wa chama tawala walikuja wakayapiga mstari mwekundu maneno ya mwisho ya mama. Kumwambia mtu aondoke nchini, enzi ambazo kuondoka kulikatazwa, tena mbele ya hadhara? Roswitha akaucheza bila maneno hayo. Siku hizi tumeyarudisha.

"Hajawahi kuyasema," akasema Bwana Lüders. "Tuyaruke. Mwana achukue mkoba wake aondoke tu."

Roswitha alifika mbio, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Mwenzangu, kichwa changu kimejaa mapazia," akaniambia.

"Yatoe. Ukikwama, mimi niko chini pale na kitabu." Kazi yangu ni kunong'ona: nakaa kwenye kishimo mbele ya jukwaa na kumtupia neno aliyesahau.

Nyuma ya pazia Detlev, yule kijana anayecheza mwana, alimfanyia kama tunavyofanyiana sote. Alimtemea mate ya uongo juu ya bega la kushoto, tu, tu, tu, ili mambo yaende vizuri. Anayetemewa hunyamaza. Kushukuru kabla ya mchezo ni kujiitia balaa.

"Asante sana," akasema Roswitha, "karibu tena."

Fundi wa taa akagonga mbao kufukuza mkosi. "Basi, tumekwisha."

"Mdomo wa dukani huo, Irmi," akaninong'oneza, uso umempauka. Nilitaka kucheka nikashindwa, maana na mimi niliogopa.

Mwanzoni alicheza kifilamu, sauti ndogo ya kusemea karibu na kamera. Nikamtupia, "Sauti!" Akapandisha. Nikamtupia tena. Polepole mwili ukakumbuka, akaanza kutembea kama mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Nikapumua.

Tukafika mwisho. Detlev akainama kuchukua mkoba, kama walivyopatana. Roswitha akaukanyaga.

Detlev akanitupia jicho la kuomba msaada. Nikaweka kidole kwenye kitabu, mdomo wazi. Lakini mtu aliyesahau hunitazama mimi, na Roswitha alikuwa akimtazama mwanawe. Nikafunga mdomo.

"Nenda," akasema. "Mimi nitabaki na ng'ombe. Mlango sitaufunga. Ila usirudi kwa kunihurumia, mwanangu, rudi kama una hamu ya maziwa."

Aliyasema yote, neno kwa neno, hadi nukta ya mwisho. Kisha akaondoa mguu. Safu ya mbele kulikuwa na wazee ambao watoto wao waliondoka enzi zile bila kuagwa. Mimi nililowanisha kitabu kwa machozi.

Baada ya makofi Bwana Lüders akaja mbio. "Uliyajifunza lini?"

"Siku ileile yalipofutwa," akasema Roswitha. "Tangu hapo nayasema jikoni nikiosha vyombo. Berlin nayasema, hapa nayasema. Nilijua ipo siku."

"Mazoezi ni Jumatatu, saa nne," akasema Bwana Lüders.

"Saa nne nina mteja. Nimeshamkatia kitambaa."

"Basi saa tano. Saa sita. Wewe sema."

Roswitha alimgeukia Detlev kwanza, akamshika mkono.

"Asante," akamwambia. Sasa iliruhusiwa.