Mkono Kwenye Sinia la Watoto

Kidagaa, mtoto wa miaka miwili kasoro, alining'inia kwenye mizani akipiga mateke. Mhudumu wa afya akasoma namba, akairudia kuisoma.

"Mama Kidagaa, ameshuka tena. Akishuka na mwezi ujao, hapa hatumuwezi, ni kulazwa. Kwani anakula nini?"

"Wanachokula wenzake."

"Mpe sahani yake peke yake."

Maneno mepesi hayo, kwa mtu asiyekaa na mama mkwe. Mchana huohuo Mama Kidagaa alimpakulia mtoto pembeni. Bibi mtu akaichukua ile sahani, akaimwaga yote katikati ya sinia, walipokuwa wamekwisha kaa wajukuu wengine watatu, watoto wa shemeji mkubwa.

"Humu ndani hatumtengi mtoto. Baba yake kala kwenye sinia hilihili, na leo mlango wote ule anaujaza."

"Lakini mama, mizani inasema..."

"Hiyo mizani imelea wangapi?"

Basi Mama Kidagaa akaanza kutazama. Wali ulishuka ukifuka moshi. Wale watoto wakubwa walikuwa na vidole sugu. Tonge lilirushwa kiganja hadi kiganja, likatua mdomoni. Kidagaa aligusa, akaungua, akarudisha mkono, akasubiri upoe. Ulipopoa, sinia lilikuwa jeupe. Akalamba vidole, akanywa maji, tumbo likatuna kama ngoma.

"Si mnaona? Kashiba huyo," bibi yake akasema.

Kesho yake Mama Kidagaa akakaa mkekani pamoja na watoto, akatumbukiza mkono. Mtu mzima, kwenye sinia la watoto! Kiganja akakisimamisha kama ukuta. Wali wa nyuma ya ukuta ukawa wa mwanawe. Akaupuliza, akamlisha kidogo kidogo. Yeye mwenyewe hakutia mdomoni hata punje.

"Haya, kumbe tumeoa fisi," mama mkwe akasema.

"Mwache, mama," wifi yake akadakia, "bado anakua."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akaimeza. Siku ya nane Kidagaa akalia kutaka kuongezwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe.

Lakini chungu kilikuwa kilekile, na kipimo cha mchele kilikuwa mikononi mwa mama mkwe.

Siku ya tisa, binti mkubwa wa shemeji, wa miaka saba, alifuta upande wake wa sinia kwa kidole, akakilamba. Hakununa. Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu nguo yake imechafuka nyuma:

"Mama mdogo, mkono wako mkubwa."

Pale mlangoni mama mkwe safari hii hakufanya mzaha. Alisimama tu, akingoja mkono huo uondoke.

Ndipo Mama Kidagaa akaona mifupa ya mabega ya yule binti ilivyochomoza. Siku zote hizo walikaa goti kwa goti, naye macho yake yote yalikuwa kwa mmoja. Zilibaki siku ishirini kabla Kidagaa hajapimwa tena.

Akapuliza tonge, akampa mwanawe. Mkono hakuuondoa.