Mwaka wa Kungojea Ngoma

Mimi sina subira, na mtu yeyote wa Kayole anayekula chapati zangu atakuambia. Mteja akisimama mbele ya jiko langu akabonyeza chapati tatu kabla ya kuchagua moja, namwambia wazi: nunua zote tatu, au nenda ukabonyeze mashavu ya mkeo. Sasa mtu wa namna hiyo akikuambia alingoja kitu mwaka mzima bila kugombana na mtu, jua alikitaka kwelikweli.

Nilichokitaka ni ngoma.

Kanisa letu ni la Roho, watu wa kanzu nyeupe na bendera, na wengi wetu tumetoka magharibi, Vihiga na Kakamega. Siku kuu tunazunguka mitaani tukiimba, na anayetuongoza ni mpiga ngoma. Kwetu ngoma hupigwa na mama, na akishakabidhiwa ni yake mpaka nguvu zimwishie. Lakini kuna sharti. Mwanamke aliye katika siku zake hagusi bendera, na Jumapili hiyo anakaa kwenye benchi la mlangoni. Na ngoma haiguswi kabisa na mwanamke ambaye bado anaona siku, mpaka akome, atimize mwaka mzima bila kuona kitu. Sharti hilo tulilikuta. Hakuna aliyeuliza lilitoka wapi.

Mwenye ngoma alikuwa Mama Mirriam, mjane wa miaka sabini, mwembamba, mkali wa macho na mpole wa maneno. Aliishika tangu mwaka wa sitini na nane, kanisa likiwa bado chumba kimoja kwenye nyumba za reli kule Makongeni. Nilipokuja Nairobi nikiwa bibi harusi nilikaa karibu naye makusudi. Kwa kuwa sikuruhusiwa kuigusa ngoma, alinifundisha kwa kidole. Wakati wa mazoezi ya nyimbo anagonga goti langu, tu-tu-ku, tu-tu-ku, nami namrudishia kwenye goti lake. Miaka ishirini na minne ya magoti! Mapigo yote ya kanisa letu ninayo, na mkono wangu haukuwa umegusa ile ngozi hata siku moja.

Kisha bega la Mama Mirriam likamshinda. Baada ya Krismasi ya tisini na tano, Mzee Shiundu, mwangalizi wetu, akatangaza kwamba Pentekoste ijayo ngoma itakabidhiwa. Kama Mama Mideva, yaani mimi, nitakuwa nimetimiza mwaka, ni yangu. Kama sijatimiza, ni ya Dada Lorine. Dada Lorine alikoma zamani, ni mcha Mungu na hana ubaya na mtu, lakini anapiga ngoma kama mtu anayefukuza panya darini. Akiishika yeye ataishika mpaka uzee umshinde, nami nitakufa nikigonga magoti.

Mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa tarehe ishirini na mbili Mei, mwaka wa tisini na tano. Baada ya hapo, kimya. Mahali pa damu likaja joto. Woi! Mbele yangu jiko la chapati, ndani ya kifua jiko lingine ambalo sikuliwasha mimi. Linaanzia tumboni, linapanda shingoni, uso unalowa, na mteja ananiuliza kama nalia. Usiku nafungua dirisha. Baba Mideva, mume wangu Laban, mtu wa kiwanda cha magodoro, akawa analala na koti na kofia ya sufu. Asubuhi moja aliniuliza kwa upole kama hii si malaria. Nikamrushia mwiko. Kisha nikalia kwa sababu nimemrushia mwiko, kisha nikacheka kwa sababu alikuwa ameudaka.

"Mama Mideva," akasema, ameushika ule mwiko, "twende zahanati. Nikiuliza la pili utanirushia sufuria."

Sista Anyango wa zahanati alinisikiliza mpaka mwisho. "Si malaria, si pepo, na hakuna aliyekuroga," akaniambia. "Ni homoni zinapungua. Mwili umezizoea tangu ukiwa msichana, sasa unalalamika. Punguza chai moto jioni, vaa pamba, tembea, kunywa maziwa kwa ajili ya mifupa. Na wewe baba, nunua blanketi lako." Laban akaitikia kama mtoto wa shule. Siku hiyo hiyo alilinunua, na ndoa yetu ikapona.

Basi nikahesabu miezi. Kanisa zima lilihesabu pamoja nami. Akina mama walinisimamisha njiani: "Umefika wapi?" Nawaambia miezi saba, tisa, kumi. Wanapiga vigelegele mbele ya duka la mtu. Kulikuwa na wazee waliojua hesabu zangu kuliko za wake zao. Joto lilikuwa linanichoma lakini nilikuwa na furaha, haki ya Mungu, furaha ya mtu anayeona mlango unafunguka.

Jumatatu, tarehe ishirini Mei, siku mbili tu kabla ya mwaka kutimia, nikaona damu.

Nilikaa kwenye choo cha ploti mpaka majirani wakaanza kugonga. Siku mbili! Nilimuuliza Mungu ana shida gani na mimi. Kisha nikaenda kwa Qali, jirani yangu Msomali mwenye duka karibu na jiko langu, nikamwomba pamba. Qali alinitazama, akaelewa, akafunika mdomo.

"Wallahi, Mama Mideva! Na ile ngoma yako?"

"Usiseme kwa sauti."

"Sisi mwanamke akiwa na siku zake haswali," akasema. "Lakini kwetu ni mapumziko. Mungu mwenyewe amekuambia pumzika. Nyinyi mbona mmepewa benchi?"

Nilimwambia afunge pamba kwenye gazeti.

Jumatano, siku ya mwaka kutimia, akina mama wa kanisa wakaja nyumbani wakiimba. Walileta kuku, ndizi na kitambaa cha kichwa kipya, cheupe, kilichopigwa pasi. Dada Lorine mwenyewe ndiye aliyenifunga. "Umetimiza, mama. Mimi nilikuwa naiogopa ile ngoma," akasema, na machozi yakamtoka. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, nao wakadhani nataka kuimba, wakanyamaza kunisubiri. Nikaimba. Aibu niliyoisikia siku hiyo sijaisikia tena.

Alhamisi nikakimbilia kwa Sista Anyango, labda atasema hiyo si damu ya kuhesabiwa. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mwili haujui kalenda ya kanisa, mama. Inatokea sana. Anza kuhesabu upya. Ila ukishatimiza mwaka kamili halafu uione tena, usikae nayo ndani, njoo siku hiyo hiyo nikupime." Nikamwambia mimi sihesabu upya kitu chochote. Nikaondoka nimefunga kitambaa vibaya.

Jambo lilikuwa wazi. Nikinyamaza, ngoma ni yangu. Qali hasali kanisani kwetu, Sista Anyango ni Mkatoliki wa Donholm, na Laban hakuniuliza kitu kwa sababu ya sufuria. Hakuna ambaye angejua. Niliamua kunyamaza. Niliamua kabisa.

Pentekoste ikafika, jua kali, kanisa letu la mabati limejaa mpaka madirishani. Ngoma iko mbele, imefungwa kitambaa chekundu. Nikaingia na kanzu yangu mpya, watu wanapiga makofi. Pale mlangoni, kwenye benchi, wamekaa wasichana wanne na mama mmoja mwenye mtoto mchanga, maana damu ya uzazi nayo inahesabiwa. Wa mwisho ni Mideva, binti yangu, miaka ishirini na miwili, mshika bendera mzuri kuliko wote tulionao. Bendera yake ilikuwa imeegemezwa ukutani.

"Mathe, uko fiti," akaninong'oneza. "Leo nitakusikilizia hapa hapa. Si mbaya, kuna upepo."

Alikuwa anatabasamu. Angekuwa amenuna ningepita. Lakini alinifurahia kwa moyo wote, amekaa pale kwa haki, na mimi mama yake napita mbele kwa uongo, hali yetu ni moja. Miguu ikakataa. Joto likapanda, sijui lile la homoni au lingine, nikasikia sauti yangu kabla sijaikubalia.

"Mzee Shiundu, Bwana asifiwe. Mimi sijatimiza. Damu ilirudi Jumatatu, na hata sasa ipo."

Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Wanaume wote walitazama juu kana kwamba paa linavuja. Nikavua kile kitambaa, nikamwekea Dada Lorine mikononi, nikamwambia nisamehe, mlikuja kwangu na kuku wenu nikawaimbia uongo. Kisha nikaenda nikakaa kwenye benchi karibu na binti yangu. Nililia, sitaki kudanganya. Nililia kwa sauti na makamasi. Mideva akanishika mkono.

Mzee Shiundu akakohoa. Ni mtu mwema, lakini mambo ya akina mama humkausha koo. "Basi," akasema, "kwa kufuata utaratibu, ngoma itakwenda kwa Dada Lorine."

"Ngoja kwanza, Shiundu."

Alikuwa Mama Mirriam. Alisimama polepole, bega moja chini.

"Nani alinihesabia mimi mwaka?" akauliza.

Wengi wetu, mwaka aliopewa ngoma tulikuwa hatujafika Nairobi.

"Mwaka wa sitini na nane nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Mvi zilinijaa kichwani tangu nikiwa na thelathini, ni za ukoo wetu. Wazee wakaniona na mvi, wakadhani nimeshapita, wakanipa ngoma. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Niliitaka mno." Alilishika lile bega bovu. "Nilikuja kukoma mwaka wa sabini na sita. Miaka minane, watu wa Mungu. Miaka minane naipiga ngoma hii nikiwa na siku zangu, na kila mwezi naogopa nitaanguka nife. Wewe Shiundu uliokoka mwaka wa sabini na moja, uliruka mpaka ukavunja taa. Nani alikuwa anapiga?"

"Ni wewe, mama," akasema Mzee Shiundu kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa siku ya pili."

Jameni! Kuna mtu alicheka nyuma, akajaribu kugeuza kicheko kuwa kikohozi, kikakataa kugeuka. Mama mwenye mtoto akafuata. Dada Lorine akaketi chini, kitambaa kimemfunika uso, mabega yanatikisika. Hata Laban, mtu wangu wa aibu, alikuwa ameinama anajipangusa macho na kofia.

Lakini Mama Mirriam hakucheka. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama mbele yangu. "Phelister," akaniita kwa jina langu, ambalo hakuwahi kulitumia tangu nizae. "Neno nililoshindwa kulisema miaka ishirini na minane, wewe umelisema mbele ya wanaume. Nimekuonea wivu. Nisamehe kwa benchi hili. Ningeweza kuliondoa zamani."

Niligonga goti lake kwa kidole, pigo moja tu, akaelewa.

Wazee watatu wakakusanyika karibu na madhabahu, wakanong'ona. Tulimsikia mmoja akisema, "Na yule mama wa kwenye Maandiko aliyetokwa na damu, Bwana alimfukuza?" Mwingine akasema hapana, alimwita binti. Mzee Shiundu akageuka, uso umelowa jasho kama wangu wakati wa joto.

"Mimi," akasema, "siwezi kurudisha wokovu wangu wa sabini na moja." Akajipangusa uso. "Dada Lorine, unasemaje?"

"Nasema nimefurahi," akasema Dada Lorine, bado anahema kwa kicheko. "Na mjue sitaki hiyo ngoma. Mkono wangu hauna mapigo, ninyi mmekuwa mkininyamazia kwa heshima tu." Akaja akanifunga kile kitambaa upya, akakikaza mpaka masikio yakauma.

Wazee wakaileta ngoma mlangoni, na Mama Mirriam akanivisha mkanda wake shingoni. Ilikuwa nzito kuliko nilivyofikiri. Niliweka kiganja juu ya ngozi, ilikuwa imeshika joto la jua la mlangoni, nikaogopa kidogo. Kisha nikapiga pigo la kwanza, na nyuma yangu nikasikia Mideva anaichukua bendera yake ukutani.

Tukatoka. Wasichana wote wa mlangoni walikuja mbele, mama mwenye mtoto naye, amemfunga mgongoni. Watu wa Kayole walitoka kwenye ngazi za ploti kutazama, na Qali alisimama mlangoni pa duka lake akipiga makofi, bintiye mdogo anarukaruka. Joto likanipanda pale pale katikati ya barabara, jasho likateremka mpaka kwenye vidole, nikaliacha literemke. Niliimba kama mwendawazimu. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona haya.

Tulipokaribia njia ya Mowlem, Mama Mirriam, aliyekuwa anatembea kando yangu akishika kiwiko cha Laban, aliinama sikioni mwangu.

"Polepole, mwanangu. Utachoka, na safari bado ndefu."

Nikajaribu kupunguza, nikashindwa.