Aliyechomelea Tela la Kwanza

Shangazi alisoma ubao mpya wa getini mara mbili. "Karakana hii ya matela ilianzishwa miaka arobaini iliyopita na mzee wetu na mwanawe wa kiume." Basi. Mzee alikuwa baba yake. Huyo wa kiume, kaka yake, marehemu. Yeye, aliyechomelea tela la kwanza kwa vyuma chakavu huku kaka akizunguka mjini amevaa tai kutafuta wateja, hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Akaingia moja kwa moja ofisini kwa mtoto wa kaka yake, ambaye sasa ndiye mkurugenzi.

"Shikamoo, shangazi. Umependeza!"

"Marahaba. Mimi niko wapi pale?"

"Pale wapi?"

"Usinizungushe. Ubaoni."

Mkurugenzi alijikuna kisogo. "Nafasi ilikuwa ndogo, shangazi. Halafu karatasi zote ni za babu na baba. Ushahidi kwamba ulichomelea wewe uko wapi?"

"Njoo."

Alimburuta hadi kwenye tela lenyewe, lililowekwa uani kama maonyesho. Kila mchomeleaji ana mwandiko wake kwenye maungio. Wake ulikuwa wa mawimbi madogo yaliyolaliana kama magamba ya samaki. Akapitisha kidole kwenye kona. Laini kama sahani.

"Mmelifanya nini?"

"Tumesaga maungio, tukapiga rangi. Kwa ajili ya picha. Yalikuwa na vinundu vinundu."

"Vinundu! Vinundu hivyo vimebeba mawe na saruji miaka thelathini, vikakusomesha mpaka ukajua kuvisaga!"

Wachomeleaji walizima mashine wasikose hata neno.

"Yaishe, shangazi. Wageni wa sherehe wanafika saa nne, na mchoraji wa ubao ameshaondoka. Mwakani tutarekebisha."

"Mwakani! Baba yako aliniimbia hiyo mwakani tangu hujazaliwa."

Akachomoa mfukoni chaki ya kuchorea vyuma, akaenda getini, akapanda juu ya debe. Chini ya sentensi ile akaanza kuandika kwa herufi kubwa: NA BINTI YAKE, ALIYECHOMELEA.

"Shangazi, shuka, utaanguka! Tena chaki hiyo ikipata mvua inafutika."

"Najua," alisema bila kugeuka. "Sasa umesimama hapo unangoja nini? Kalete rangi."

Mkurugenzi alitazama saa yake, akatazama barabara, akabaki palepale. Shangazi alisaga meno, akaanza herufi inayofuata.