Msafara Uliohama Tumboni

Jumanne asubuhi Recheli alikuwa akichanganya pumba na mashudu ya alizeti kwenye ndoo, nyuma ya nyumba yake nje kidogo ya Bukene, alipoona wenyeji wa matumbo ya watoto wa nguruwe wake wanahama. Walitoka kwa nyuma, pamoja na uharo, wakajipangusa kwenye majani makavu, wakajipanga mstari mmoja. Kila mmoja alikuwa na ukubwa wa punje ya ulezi na mzigo kichwani. Wa mbele alishika kibendera chekundu. Recheli aliweka ndoo pembeni ili asiwaponde.

"Mwangaluka," akawaamkia.

"Mwangaluka, mayo," akajibu wa mbele, akimwita mama kwa Kinyamwezi. Ndiye aliyekuwa mnyapara wao. "Tunaaga."

Watoto wa nguruwe walikuwa tisa. Walitengwa na mama yao Ijumaa, wakiwa na wiki tatu, ingawa karatasi ya kikundi cha wafugaji ilisema wiki nane. Kikundi kilikuwa na utaratibu wa kupokezana: familia hupewa nguruwe wawili wachanga, majike, wakikua na kuzaa, wawili wengine huenda kwa familia inayofuata kwenye orodha. Ni utaratibu mzuri, hakuna anayeupinga. Lakini wafadhili walikuwa wanakuja Jumapili ya mavuno, na mwenyekiti, Amon, alitaka wakute makabidhiano. Akaamuru watoto waachishwe ziwa mapema. Amon hajawahi kufuga hata kuku.

Aliyefuata kwenye orodha ni Katarina, mjane, rafiki wa Recheli tangu walipopata kipaimara pamoja. Alikuwa amesubiri zamu miaka minne. Banda la nguruwe alishaliezeka kwa bati, wakati jiko lake mwenyewe bado lilikuwa la nyasi.

"Mnakwenda wapi?" Recheli akauliza.

"Magharibi, kwa njia ya zamani. Babu zetu waliipita wakiwa ndani ya mbuzi wa misafara. Humu hamkaliki tena."

Mnyapara alieleza bila haraka, mzigo ukiwa bado kichwani. Maziwa ya mama ndiyo yaliyokuwa yakilinda mlango. Yalipokatika ghafla, wakaingia wageni wasiopiga hodi, wakang'ang'ania ukuta wa utumbo na kuanza kuubomoa. Ukuta ule una manyoya kama taulo. Sasa umebaki kipara, chakula kinapita tu bila kushikwa. Wenyeji walipambana, maana kazi yao ndiyo hiyo, kuchachua chakula, kuulisha ukuta na kuulinda. Walikuwa wanaelekea kushinda. Ndipo muuza dawa za mifugo, bila kuja kuangalia mgonjwa, akatoa dawa ile ya unga anayoitoa kwa kila ugonjwa. Ikaua wageni na wenyeji pamoja, halafu wageni wakarudi kwanza.

"Tuliobaki ndio hawa," akasema. "Warudishe watoto kwa mama yao, mayo, maziwa hayajamkauka. Sisi tutapiga kambi pale njia inapokatiza reli. Tunasubiri wiki mbili, ukuta ukipona turudi."

Recheli akaenda kwa Amon. Alimkuta anapaka chokaa mawe ya kando ya njia ya kanisani.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

Akamweleza. Amon alisikiliza mpaka mwisho, kwani ni mtu msikivu. Hakuwa na shaka kuhusu msafara. Asubuhi ile alishika breki za baiskeli barabarani akausubiri upite.

"Wiki mbili hazipo," akasema. "Wageni ni Jumapili. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Wenyeji ndio wanaohama, mwenyekiti."

"Basi waambie kikundi kinawatakia safari njema." Akachovya brashi.

Recheli alikasirika. Lakini anayegoma kukabidhi hunyang'anywa nguruwe mzazi, na nguruwe yule ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba yake. Akarudi nyumbani, akamalizia kuchanganya pumba.

Jumapili watoto wawili waliogeshwa, wakafungwa utepe shingoni, wakaombewa. Wageni walipiga picha. Recheli alipowakabidhi, alimnong'oneza mwenzake: "Hawana mtu ndani, dada. Wamehama wote."

Katarina akaweka sikio kwenye tumbo la mmoja, kisha la mwingine. Palikuwa kimya.

"Nimesikia," akasema. "Lakini nikiwakataa narudi mkiani, na huko mkiani kuna watu thelathini na saba."

Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi iliyosema amepokea nguruwe wawili wenye afya njema.

Msafara ulisubiri pale relini siku kumi na nne kamili. Watu walizoea kuinua baiskeli zao wakifika pale, na mama mmoja muuza vitumbua aliwamwagia makombo. Siku ya kumi na tano walijitwika mizigo, wakaelekea magharibi.

Kufika mwezi wa kumi nguruwe wa Katarina walikuwa na ukubwa wa paka. Walikuwa hai, mbavu nje. Amon alipita na karatasi mpya. Picha zilikuwa zimependeza mno, wafadhili waliongeza familia kumi, na baada ya Katarina zamu ilikuwa ya Octavian, fundi baiskeli mwenye watoto sita.

Octavian alikuja kwa Katarina jioni ileile kusalimia, na karanga kidogo kwenye mfuko. Alisema kesho ataanza kukata miti ya banda. Akachungulia bandani, lakini kigiza kilikuwa kimeingia na hakuona vizuri.

"Wanakula, shemeji?"

Katarina alimtazama. Aliona haya, akaifikiria miaka yake minne.

"Wanakula sana," akasema.

Wala hakumdanganya. Ndoo ya asubuhi walikuwa wameilamba yote.