Sabuni Iliyomtaja Bi Asya

Bi Asya binti Ngwali hukata sabuni zake kila Jumatatu asubuhi, ukumbini kwake Chokocho, kwa mshipi wa kuvulia, maana kisu humomonyoa pembe. Kila kipande hukipima: gramu mia, si tisini na nane. Mwani huuanika na kuutwanga mwenyewe, akauchanganya na mafuta ya nazi na ya karafuu, na sabuni haishuki rafuni kabla ya wiki sita, hata mteja alie machozi. Wenzake waliokwenda naye kwenye mafunzo ya ujasiriamali walirudi na vyeti. Yeye alirudi na cheti na mizani.

Kosa lake lilikuwa moja. Mwalimu aliposema kila bidhaa iandikwe jina la mtengenezaji, Bi Asya alikataa. Kwao mtu hajitangazi. Anayejitangaza huita jicho la hasidi, na jicho likishakupata, mafuta yanagoma kuganda. Basi akawa anafunga sabuni zake kwa karatasi ya kaki, tupu.

Fahd, mnunuzi kutoka Wete, hakuogopa jicho. Alizinunua zote, akabandika lebo yenye jina lake, akazipeleka kwenye mahoteli ya upande wa Makangale.

Baada ya Idi povu likaanza kusema. Wa kwanza kulisikia alikuwa mgeni wa hoteli aliyekuwa ananawa kabla ya chakula. Alisugua mikono, povu likapanda, likatamka kwa sauti ya kike, "Asya binti Ngwali, Chokocho," kisha likaenda na maji. Mgeni akaomba taulo. Huku Chokocho, Safaa, jirani wa Bi Asya, alitajiwa jina hilo mara tatu akifua kanga moja, akalalamika kwamba linamkatizia redio.

Bi Asya alilisikia akiosha sufuria. Alitega sikio asije akakosewa jina la baba. Halikukosewa, naye akafurahi, furaha ya kweli isiyofichika.

"Sasa jicho, shoga?" Safaa akamtania.

"Mie sikujitangaza. Imesema sabuni. Atakaye kuhusudu, na aihusudu sabuni hino."

Oda zikawa mara nne. Hakubabaika. Akaajiri wanawake wawili wa kutwanga, akawafundisha kupima kabla ya kuwafundisha kukoroga. Fahd alipotaka sabuni za wiki tatu, alimrudisha mikono mitupu.

"Wiki sita, Fahd. Ikitoka mbichi itanitia aibu, na sasa yanitaja."

Kisha hoteli moja ikamwita yeye mwenyewe. Ilikuwa tayari kumpa mkataba wa mwaka mzima, ili mradi biashara yake isajiliwe kwa jina lile linalosemwa na povu. Huo ndio mkataba aliokuwa akiungoja: angejenga banda la kukaushia na kuuza bila kupitia kwa Fahd. Akavaa buibui jipya, akapanda gari ya asubuhi kwenda mjini. Habari ya jicho akaiacha nyumbani, ijitafutie mtu mwingine.

Karani wa usajili, Thabit, kijana mwenye adabu zake, alitafuta kwenye kompyuta.

"Jina hili lina mwenyewe, Bi Asya."

"Ndiyo, mie."

"Fahd, wa Wete. Kalisajili wiki ileile povu lilipoanza. Ukitaka kulitumia, yeye ndiye wa kukupa ruhusa."

"Jina kanipa babangu."

"Najua, Bi. Lakini Fahd ndiye aliyetangulia kuja."

Thabit alikuwa na wino vidoleni. Akaenda kunawa kwenye beseni la pembeni, na povu likasema, "Asya binti Ngwali, Chokocho." Wino ulikuwa mkaidi, likasema tena. Kwa heshima alingoja limalize, akajifuta, akamletea Bi Asya fomu ya kuomba ruhusa. Akamwonyesha mahali pa jina la mwombaji.

Bi Asya akaandika kwa herufi kubwa, mkono umetulia: ASYA BINTI NGWALI, CHOKOCHO.

Thabit akalisoma, akalilinganisha na lile la kwenye kompyuta, akagonga muhuri, akamwambia arudi Fahd atakapokubali.