Matundu Matatu Kwenye Mrija

Kwa Alphonse, upepo ulikuwa kitu cha kujazwa. Miaka ishirini alikuwa fundi wa matairi kule Bagira, mjini Bukavu, wale wanaoitwa quado, na hakuwahi kuona kitu kikitengenezwa kwa kunyimwa upepo. Ndiyo maana tiba ya mkewe ilimkaa kooni.

Mkewe, Eulalie, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Ugonjwa ulikuwa unakula mishipa yake ya fahamu. Daktari aliuandika sclérose en plaques. Miguu ilikuwa mizito, ikiburuzwa sakafuni. Shule yake iko juu mlimani, na mkurugenzi alisema bila kumung'unya maneno: Septemba ikifika na hawezi kupanda mwenyewe, darasa atapewa mwingine. Ndipo kituo kimoja cha mazoezi ya viungo mjini kilipopata mashine ya majaribio, kwa wiki tatu tu. Mgonjwa anavaa maski, anavuta hewa yenye oksijeni kidogo kwa dakika moja, kisha hewa ya kawaida, mara kumi na tano, halafu anafanya mazoezi ya kutembea. Firmin, mtaalamu wa viungo, alieleza kwamba mwili ukishtushwa kidogo, huenda mishipa ikaamka.

"Dawa ya moto ni moto, Papa Alphonse," alisema.

Moto gani! Siku ya kwanza Alphonse aliona mkewe akihema kwa nguvu na midomo yake ikififia, akamkumbuka Dany, mdogo wake, aliyekufa wakati wa Korona huku ndugu wakizunguka Bukavu nzima wakitafuta chupa ya oksijeni. Akashindwa kuvumilia. Kesho yake, Firmin alipotoka kumpokea mgonjwa mwingine, na Eulalie amefumba macho, Alphonse akatoa msumari mfukoni akatoboa mrija wa maski matundu matatu, upande wa chini, ili hewa ya kawaida iingie. Tangu hapo Eulalie hakuhema tena kwa nguvu. Alidhani amezoea.

Wiki mbili zikapita, miguu ikabaki vilevile. Nyumbani Eulalie alianza kulia akiwa bafuni, akifikiri hakuna anayemsikia. Kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni kilikwama tisini na saba, wala hakishuki hata akivuta hewa ile pungufu. Firmin akakuna kichwa.

"Papa Alphonse, wewe unajua mambo ya mupepo. Utuangalilie, pengine kuko mahali inatoka."

Mchawi mpe mtoto amlee, wahenga walisema, lakini hawakutuambia mchawi anajisikiaje akishakabidhiwa. Alphonse akaomba maji na sabuni. Angeweza kusema hakuna kitu, na wangemwamini. Mashine ikisukuma hewa, akapaka povu, na mapovu matatu yakavimba kwenye mrija, yamejipanga kwenye mstari mmoja. Mpira uliochakaa haupasuki kwa mpangilio namna hiyo. Eulalie akayatazama, kisha akamtazama mumewe.

"Papa Gloire," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Niliogopa utakufa sawa Dany."

"Na darasa yangu kupotea? Hiyo haukuogopa?"

Firmin alijifanya anasoma karatasi zake. Alphonse akaziba matundu kwa viraka, akapaka povu tena, hakuna kilichovimba. Kazi safi, na aliionea aibu. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi mashine ilikuwa inapelekwa Sange, kwa wagonjwa wengine.

Alikaa kwenye kiti chake cha kila siku, akanyoosha mkono amshike mkewe. Eulalie akauvuta wake.

"Wiki mbili najiambia mwili yangu ndio mubaya," akasema, sauti ikimkatika. "Nilimukasirikia mpaka Mungu. Toka inje, Papa Gloire."

Alphonse akatoka. Moyo ulimuuma, na alijua hana wa kumlaumu. Akakaa kwenye benchi la koridoni, mashine ikawashwa, na punde akamsikia mkewe nyuma ya mlango akihema kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kwanza. Akashika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili. Hakuinuka.