Mkono Kwenye Kamera ya Tatu

Wateja wangu husema kamera inaona. Haioni. Inapokea mwanga tu, na mashine iliyo chini ya kaunta, ile tunayoiita rekoda, inauhifadhi mwanga huo kwenye diski. Nimelieleza jambo hili miaka tisa hapa Makutano, kwa wenye maduka ya nguo, ya dawa na ya mbolea, na bado mtu hufungiwa kamera nne akaenda zake akidhani amepata malaika wanne. Hunikera sana. Lakini mwaka huu kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Rahema alikuja kibandani kwangu Jumatatu asubuhi, siku ya pili tangu atoke eda. Mumewe, Idrisi, alikuwa na bucha mlango wa tatu kutoka kwangu, na ndiko alikofia, peke yake, asubuhi moja kabla hajafungua. Kwa miezi minne na siku kumi mjane wake alikaa ndani kama dini yao inavyotaka. Nilikuwa nimezoea kumwona akipita na chupa ya chai ya mumewe. Sasa alikuwa amekonda, na aliketi kabla sijamkaribisha.

"Fundi Muthomi, nimekuja unionyeshe ile video ya mzee."

Akaendelea, "Nilimwambia shemeji yangu Isaack hiyo mashine isizimwe hata dakika moja. Hata stima ikipotea, ikae kwa betri. Na hajaizima, ananiambia kila Ijumaa."

Alilisema kama mtu aliyetunza amana vizuri. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Rekoda ikijaa haisimami. Hurudi mwanzo na kuandika siku mpya juu ya siku ya zamani kuliko zote. Diski ya bucha ile hujaa kwa siku thelathini. Wangeizima siku ya mazishi, Idrisi angekuwa humo mpaka leo. Kwa kuiacha ikiwaka, walimfuta kidogo kidogo, kwa picha za watu wakinunua nusu kilo ya matumbo.

"Haiko, mama Asmaa," nikamwambia, na nikamweleza hayo yote.

"Aje haiko? Si imekuwa ikiwaka?"

"Kuwaka ndiko kulikoifuta."

Nje utingo mmoja alikuwa akiita abiria wa Maua, na nilimchukia kwa sauti yake. Kisha Rahema akauliza swali nililoliogopa tangu asubuhi ya kifo kile.

"Na wewe ulijua itafutika?"

"Nilijua."

Ningeweza kusema nilisahau. Sikusahau. Asubuhi ile Isaack ndiye aliyeniita, maana watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba ndugu yake ameuawa. Yeye hakutaka kutazama. Nilirudisha picha nyuma mwenyewe, nikatazama mara moja, nikamwambia, "Hakuna mtu aliyeingia. Ni moyo." Alasiri hiyohiyo wakamzika. Kuhamisha kipande kile kwenye flashi kungenichukua dakika mbili. Nilizima skrini nikaenda nyumbani.

"Sikukuja kutafuta muuaji," Rahema alisema. "Nataka kujua alikufa na shahada ama hakufa nayo. Sisi tunaomba mtu atoke duniani akilitamka hilo neno. Msichana wangu Asmaa ananiuliza kila usiku, na sina la kumjibu. Nilisema nikitoka eda nitamwangalia mdomo."

"Hata ingekuwepo, mama, usingesikia. Kamera zile hazina sauti."

Na hilo alilitaka Idrisi mwenyewe. Nilipotaka kumwekea maikrofoni alikataa, akasema watu huja bucha na mambo yao ya nyumbani, na yeye anauza nyama, hauzi maneno ya watu. Nilimcheka siku ile.

"Mdomo je? Ulimwona mdomo?"

"Hapana. Aliangukia nyuma ya gogo la kukatia nyama. Pale kamera ya tatu haifiki. Ndiyo tunaita pembe kipofu." Nikaendelea, "Aliniambia mara mbili nigeuze hiyo kamera. Na alitaka ikinasa mtu akitembea kabla ya kufungua, simu yako ilie na ikuonyeshe picha. Nilimwambia kesho. Nikamwambia kesho tena. Ingelia, ungemwona akianguka, ungefika."

Rahema aligeuka kutazama upande wa bucha. "Ningefika," alisema. "Natoka nyumbani mpaka hapo dakika nne."

Hakuniambia kwamba si neno, na nilishukuru kwamba hakuniambia. Ningemwona mwongo.

"Kwa hivyo hukuona kitu."

"Niliona mkono," nikasema. "Ndiyo sababu sikuiweka."

Nikamweleza lile ambalo sikuwa nimemwambia hata mke wangu. Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili Idrisi anaanguka, na picha inabaki na gogo na mizani peke yake. Baada ya dakika moja hivi mkono wake wa kulia unainuka kutoka nyuma ya gogo. Unapanda polepole, unatetemeka, halafu unatulia, ukiielekea kamera. Alikuwa akininyooshea mimi. Alikuwa akisema, Muthomi, si nilikuambia? Niliona aibu kubwa, nikaona heri diski ijaze siku nyingine juu yake, asije mtu akaona nikishtakiwa na maiti.

"Ulinyooka aje?" Rahema aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nionyeshe."

"Hivi tu, juu."

"Mkono wote? Vidole vyote?"

Niliinua mkono wangu wa kulia. Nilikunja vidole vitatu, nikaviwekea gumba juu, nikabakisha kile kimoja cha kuonyeshea, kimesimama.

Rahema alijifunika uso kwa mtandio. Alilia bila sauti, mabega tu yakicheza, nami nikabaki na mkono hewani nisijue pa kuuweka.

"Kwa swala," alisema alipoweza, "tukifika kwa hilo neno la shahada, ndicho kidole tunachoinua. Hakuwa anakunyooshea wewe."

Akauliza kama kidole kilikunjika kabla mkono haujaanguka. Nikamwambia hapana, mkono ulishuka taratibu nyuma ya gogo na kidole kikiwa bado kimenyooka. Akaniuliza kama naweza kuapa. Nikaapa. Akasema kesho atamleta Asmaa, nimwonyeshe vilevile, nisiongeze wala nisipunguze.

Nilidhani ataondoka. Alijipangusa macho, akasogeza kiti karibu na meza yangu, akakaa wima, macho kwenye mkono wangu kama mtu aliye mbele ya skrini.

"Rudisha nyuma," alisema.

Nikauteremsha mkono mezani, nikauinua tena.